Kiswahili cha soko la Makere ndo kilinipa kazi ya haki za binadamu

Mwezi wa sita 2021 mradi wetu ulifungwa. Nilikuwa mratibu wa wasaidizi wa kisheria kwenye shirika moja dogo pale Morogoro, wale watu wanaokaa vijijini wanasaidia wenzao mambo ya mirathi, mashamba, matunzo ya watoto, baada ya ile Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 kazi yao ikaanza kutambulika na kusajiliwa na sisi ndo tulikuwa tunawafundisha na kuwafuatilia. Mfadhili alikuwa mmoja. Mfadhili mmoja akimaliza awamu yake asipoendelea ndo basi tena, mnapiga picha ya pamoja, mnakula pilau, mnarudisha laptopu za ofisi. Nikarudi nyumbani na barua ya shukrani na kiti cha ofisi nilichouziwa elfu thelathini, ambacho ndo nimekikalia saa hizi naandika.

Nikasema mi sirudi tena kuzunguka na bahasha. Nina mtoto mdogo, Dar nilishaishi foleni yake naijua, acha nitafute kazi za rimoti, maana korona ilikuwa imeshaonyesha kwamba watu wanaweza kukutana Zoom na mambo yakaenda. Kichwani nilikuwa na picha yangu kwamba mtu wa haki za binadamu anayefanya kazi akiwa mbali anaandika ripoti kubwa kubwa, anahojiwa na redio za nje, analipwa dola. Basi nikawa naomba nafasi za hivyo hivyo tu, afisa utetezi, mshauri wa sera, mtafiti wa Afrika Mashariki. Asubuhi nikiamka nafungua ReliefWeb, ile tovuti ya matangazo ya kazi za mashirika ya misaada, kabla ya WhatsApp. Nilikuwa na kaunta buku nimeichora mistari, tarehe, shirika, nafasi, jibu. Safu ya jibu ilikuwa nyeupe kama kanzu ya Idi. Mpaka Desemba nilikuwa nimetuma maombi 83 na majibu sita, yote sita "tunasikitika".

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba rimoti siyo lazima iwe popote. Unasoma tangazo moyo unadunda, unafika chini kabisa unakuta mwombaji awe anaishi Uingereza na ana kibali cha kufanya kazi kule. Au rimoti lakini Marekani tu. Nilidhani ni ubaguzi, na sisemi haupo, lakini sababu kubwa nilikuja kuielewa baadae sana. Shirika likitaka kukuajiri kabisa kwa kawaida linatakiwa liwe limesajiliwa nchini kwako, likukatie kodi, likuchangie mfuko wa hifadhi ya jamii, sasa kama halina ofisi Tanzania litafanyaje? Ndo maana mtu wa huku wanamchukua kama mshauri, mkataba wa siku kadhaa au wa kipande cha kazi, kodi yako unahangaika nayo mwenyewe na TIN yako, namba ya mlipakodi. Ningelijua hilo mwezi wa saba zaidi ya nusu ya yale maombi 83 nisingeyatuma, ningehangaika na matangazo ya washauri na mikataba mifupi ambayo nilikuwa nayaruka nikiyaona ya kimaskini.

Halafu kuna hili ambalo naona aibu kulisema lakini acha niseme. Mwezi wa kumi mwaka huo huo niliitwa "kazini". Imeili nzuri, nembo ya shirika kubwa la kimataifa, barua ya ajira yenye mhuri, mshahara dola 3,400 kwa mwezi, kazi ya nyumbani. Intavyuu hamna. Walichotaka ni dola 180 za bima na uchunguzi wa afya. Mimi ambaye nimefundisha watu vijijini wasisaini karatasi wasiyoisoma, nikaenda kwa wakala nikatuma nusu, laki mbili na kitu, nikaomba nyingine nimalizie mwisho wa mwezi. Wakaanza kunipigia usiku wananiharakisha, kwa sauti za ukali, ndo akili ikarudi. Umoja wa Mataifa wenyewe wanaandika wazi kwenye kurasa zao za ajira kwamba hawatozi hela kwenye hatua yoyote, siyo ya fomu siyo ya intavyuu siyo ya mafunzo. Nilikuwa nimeshalisoma hilo onyo mara kumi. Njaa ina namna yake ya kusoma, inaruka mistari.

Sasa turudi nyuma kidogo ili muelewe kilichokuja kunitoa.

Mimi nimekulia Makere, Kasulu, mkoa wa Kigoma. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996 Wakongo walipokuwa wanakimbia vita, na mama yangu miaka ile alikuwa anauza mihogo na mawese sokoni, wateja wake wengi wametoka kambini. Mimi nikitoka shule napita pale namsaidia. Nyumbani tunaongea Kiha, shuleni Kiswahili cha mwalimu, sokoni Kiswahili cha Wakongo. Tulikuwa tunakicheka jamani, balikuya (walikuja), bantu (watu), mutoto, tunaigiza mpaka mama anatufukuza na ufagio. Lakini ukiigiza kitu miaka kumi kinakuingia. Hiyo lugha sikuwahi kuiandika kwenye CV. Niliandika Kiingereza, Kiswahili, Kifaransa kidogo (cha kidato), Kiha sikukiandika, Kiswahili cha Kongo ndo kabisa, nani anaandika kwamba anajua kuongea kama wateja wa mama yake?

Mwanzoni mwa 2022 rafiki yangu niliyesoma naye Dodoma akaniambia kuna watu wanajitolea kutafsiri kwa ajili ya mashirika ya misaada, Translators without Borders, siku hizi wako chini ya CLEAR Global. Nikajiunga ili nisikae bure. Ndo mara ya kwanza nakuta kwenye orodha ya lugha Kiswahili kimekaa kivyake na Kiswahili cha Kongo kimekaa kivyake. Nilicheka peke yangu chumbani. Wale watu waliona shida yake Kivu Kaskazini, mashariki ya Kongo, kipindi cha Ebola ya 2018 hadi 2020, ujumbe wa afya unaandikwa kwa Kiswahili kizuri cha vitabu na walengwa hawauelewi vizuri. Nikachagua vyote viwili.

Kujitolea nako niseme ukweli wangu, nilijipa miezi mitatu. Kuna watu wanajitolea miaka miwili wanategemea kuonwa, na kuna mashirika yanayajua hayo yanakutumia kama punda wa kukodi bila kukodi. Mi nilichotaka ni vitu viwili, mtu wa kunisahihisha na mtu wa kumweka kama mdhamini kwenye maombi. Nikavipata vyote viwili nikapunguza.

Humo humo ndo nikaliona tangazo, fupi sana, halina hata nembo ya kutisha: wanatafutwa watu wa kunakili na kutafsiri sauti za mahojiano kutoka Kiswahili cha mashariki ya Kongo kwenda Kiingereza, kazi ya mkataba, mwombaji awe popote. Hakuna neno utetezi, hakuna neno sera. Mwaka mmoja nyuma ningelipita.

Walituma mtihani. Sauti ya dakika nne, ya kutunga, siyo ya mtu wa kweli, lakini aliyeisoma alikuwa mtu wa kule kweli. Kulikuwa na sentensi hii: "Basoda balikuya mangaribi, bakatosha bantu mu nyumba, bakabeba bibi yangu." Mtu wa Dar ukimpa hii atahangaika. Basoda ni askari, hiyo utahisi. Lakini kutosha kwetu ni kuwa kitu kinatosha, sukari imetosha, wao kutosha ni kutoa, kwa hiyo watu walitolewa ndani ya nyumba. Na bibi! Bibi kwetu ni mama yake mama au mama yake baba. Kule bibi yangu ni mke wangu. Baadae msimamizi aliniambia waombaji wengi walioshindwa waliandika kwamba bibi yake mzee ndo amechukuliwa, na wengine walitoa kwenye programu ya kutafsiri wakabandika kama ilivyo. Kuna na hii ya "juu ya", sisi ni juu ya meza, wao ni kwa sababu, "tulikimbia juu ya vita", kuna mtu aliandika wamekimbia juu ya kitu sijui nini. Fikiria sasa hayo yako kwenye faili la kesi. Mtu amepoteza mke, karatasi inasema amepoteza bibi, wakili wa upande wa pili anasimama anasema shahidi anajichanganya.

Mtihani nikapasi. Intavyuu ikapangwa Machi 2023, Jumanne, saa nne asubuhi ya New York. Mimi nikahesabu masaa manane, nikaandika saa kumi na mbili jioni kwetu, nikaazima taa, nikamlaza mtoto mapema, nikafungua kompyuta saa kumi na mbili kasoro tano nimevaa blauzi ya kanisani na kitenge chini. Kimya. Kumbe Jumapili ya nyuma yake Wamarekani walikuwa wamesogeza saa zao mbele, wao wanabadilisha katikati ya Machi, Ulaya wanabadilisha mwisho wa Machi, sisi hatubadilishi kabisa, kwa hiyo tofauti ilikuwa imeshuka ikawa masaa saba na watu walinisubiri saa kumi na moja wakaondoka. Nililia. Halafu nikaandika imeili ya mistari mitatu, nimekosea hesabu ya saa, samahani, nipo tayari mda wowote. Wakanipa Alhamisi, na kazi nikaipata, kunakili na kutafsiri maneno ya mashahidi. Mpaka leo mwaliko wowote najibu kwa kuandika saa ya kwao, saa ya kwetu na tarehe, wathibitishe wenyewe.

Saa ndo adui yangu kwenye hii kazi aisee. Faili la tatu tu nililopewa, mzungumzaji kasema saa nane za usiku, mimi kwa uchovu nikaandika 8 p.m., ambayo kwetu ni saa mbili usiku. Msahihishaji akaniuliza una uhakika? Masaa sita ya tofauti. Saa mbili usiku watu wako macho wanakula, wanaonana sura, saa nane za usiku ni giza na usingizi, nani alimwona nani? Kosa la mtafsiri linamfanya mtu mkweli aonekane mwongo. Kuanzia hapo nikiweka saa naandika na neno lake lenyewe pembeni kama lilivyosemwa.

Nilipewa pia vitu vya kusoma na nikavisoma kweli, siyo kwa sababu mi ni mwanafunzi mzuri ila niliogopa. Ile Itifaki ya Berkeley ya 2020 kuhusu uchunguzi wa vitu vya mtandaoni, na Kanuni za Murad za 2022 kuhusu namna ya kuwahoji manusura wa ukatili wa kingono, zote ziko bure. Lakini kilichonifundisha kuliko vyote ni Ripoti ya Mapping ya UN kuhusu Kongo, ya 2010, matukio 617 kati ya Machi 1993 na Juni 2003. Ni mzigo wa kurasa zaidi ya mia tano na karibu kila tukio limeandikwa kwa mpangilio ule ule mkavu, tarehe, nani, wamefanya nini, wapi, kwa nani. Hamna sifa, hamna "unyama usioelezeka". Mimi niliyetokea kwenye kuandika maombi ya ufadhili, ambako kila kitu ni cha kuhuzunisha na cha haraka, ilibidi nijifunze kuandika upya kama karani.

Hela. Mkataba wa kwanza waliniuliza bei, nikaropoka dola 40 kwa saa moja ya sauti nikiona nimewapiga. Saa ya kwanza ya sauti ilinichukua masaa tisa. Pikipiki inapita, kuku, watu watatu wanaongea pamoja, mtu analia, unarudisha nyuma, unarudisha nyuma. Gawanya mwenyewe. Sasa hivi natoza kwa dakika ya sauti, na sauti mbovu ina bei yake, na kabla ya kusema bei naomba kipande cha dakika tano nionje. Kupokea malipo nako ni shughuli, PayPal yangu ilikuwa inakubali kulipa kupokea haitaki, nikafungua akaunti ya dola benki, nikatumiwa 320 ikafika pungufu, benki za katikati zimejikatia zao, kwa hiyo kwenye mkataba tunaandika makato ya kutuma ni ya anayetuma. Mstari mmoja tu huo.

Na marufuku kubwa kuliko zote, usichukue maneno ya shahidi ukayabandika kwenye programu ya bure ya kutafsiri. Ukishabandika hujui yanakaa wapi. Majina yanakuja kama namba, unayaacha kama namba, hata ukihisi umemjua mtu au kijiji. Nafanya kazi kwenye kompyuta moja, diski imefungwa kwa nywila, siendi nayo kwenye kahawa, siazimishi. Kwa majirani nasema natafsiri vitabu. Mama mwenye nyumba kuna kipindi aliamini natapeli Wazungu, kila siku niko ndani na spika za masikioni halafu kodi nalipa kwa wakati, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hiyo kazi yako polisi wanaijua?" Tulicheka lakini sikuwa na jibu fupi.

Spika za masikioni siyo mapambo. Mwaka wa kwanza nilikuwa nafanyia kazi kitandani mtoto akishalala. Picha unaweza ukafumba macho, sauti inaingia. Kulikuwa na faili moja ambalo mtu anasimulia na mvua inapiga kwenye mabati mwanzo mpaka mwisho, siwezi kusema alichosema, lakini miezi miwili baadae niko dukani kwa Mpemba nanunua unga, mvua ikaanza kwenye bati, nikaanza kutetemeka mpaka nikakalishwa kwenye gunia. Nikafikiri malaria. Msimamizi wangu ndo aliniambia hiyo ina jina na inawapata watu wa kunakili sauti kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mpelelezi anasikia mara moja wewe unarudisha mara ishirini. Sasa nafanya asubuhi tu, mezani, sebuleni, mwisho saa nane mchana, mafaili mazito mawili kwa wiki, sauti naishusha sehemu nikishajua inakoelekea. Na nikimaliza naosha vyombo. Sijui kwanini vyombo, ila vinasaidia.

Miundombinu nayo ina vituko vyake. Mei 12, 2024 nyaya za baharini zilikatika, intaneti ya Afrika Mashariki ikawa kama ya mwaka 2005, nina faili la kupeleka Jumatatu na haliendi. Oktoba 29, 2025 siku ya uchaguzi ikazimwa kabisa, siku kama tano, hilo sitaki kuliongelea sana hapa, ila mteja wangu alikuwa anaogopa nimekufa. Sasa hivi mikataba yangu ina kifungu kwamba mtandao wa nchi ukikata siku zinasogea, na mteja ana namba ya simu ya kawaida ya mtu wangu mmoja.

Januari 2025 ndo ilikuwa mbaya kuliko zote. Tarehe 20 Trump akasaini kusimamisha misaada ya nje siku 90 ipitiwe upya. Shirika langu halikuwa linapokea moja kwa moja, lilikuwa linapata kwa mtu anayepata kwa mtu. Wiki hiyo hiyo waasi wa M23 kule Kongo walikuwa wanaisogelea Goma, mwisho wa mwezi mji ukawa mikononi mwao, katikati ya Februari Bukavu. Yaani mda ule ambao watu wengi kuliko wote walikuwa na kitu cha kusimulia ndo mda ambao nililetewa imeili, simamisha kazi zote kuanzia leo, usimalizie hata uliyoanza. Nilikuwa dakika ya 34 ya faili la dakika 51. Sheria ni kulirudisha na kufuta, nikalirudisha nikafuta. Sijui yule mama alimalizia vipi.

Nilikaa miezi minne bila kitu, nikauza maandazi, sioni haya. Kilichonirudisha siyo maombi mapya, ni yule msahihishaji wa "una uhakika?", naye alikuwa amepunguzwa, akapata pa kushika kwenye kliniki ya sheria ya chuo kimoja Ulaya akanivuta. Sasa nina wateja watatu wadogo, hakuna hata mmoja anayefika nusu ya kipato changu, na nimeipanga hivyo makusudi maana mfadhili mmoja nilishakula naye pilau.

Mwezi uliopita nilikwama neno. Huwa simwambii mama habari ya faili, namuuliza neno tu kavu kavu, kama mtu anayecheza bao. Nikampigia, mama, Wakongo wako wakisema hivi walikuwa na maana gani? Akanieleza, akanipa na mfano wa mteja aliyekopa mawese 1999 hajalipa mpaka leo. Halafu akauliza, "Kwani hayo maneno unayapeleka wapi?" Nikamwambia nalipwa kuyajua. Akanyamaza kidogo.

"Kiswahili kile mlichokuwa mnakicheka?"

"Hicho hicho mama."

"Basi nitumie ya sabuni, si mimi niliyekupeleka sokoni."